Lipu Kwanza, Sakafu Baadaye: Mpangilio wa Kumalizia Nyumba

Mwenye nyumba anayetamani kuhamia mapema mara nyingi humwagiza fundi kuanza na sakafu. Uamuzi huo huweza kumgharimu mara mbili. Sakafu iliyotangulia lipu hudondokewa na mchanganyiko wa saruji na kuchubuliwa na miguu ya majukwaa, hata ikalazimu kuvunjwa na kumwagwa upya.

Mpangilio ulio salama hutoka juu kwenda chini. Baada ya paa kuezekwa, hufungwa fremu za milango na madirisha, kisha mabomba ya maji na ya nyaya za umeme hulazwa ukutani. Mabomba ya maji hayana budi kujaribiwa kabla ya kufunikwa, kwani uvujaji unaogundulika baadaye hauzibiki bila kuvunja ukuta.

Kabla ya lipu, fundi huchora mstari wa usawa katika vyumba vyote, aghalabu mita 1 juu ya sakafu inayotarajiwa. Endapo marumaru zitawekwa, unene wake huhesabiwa hapo, ili milango isije ikakwama.

Ukuta huloweshwa, kisha hupigwa lipu yenye unene wa milimita 12 hadi 20, kwa ndoo 1 ya saruji na ndoo 4 hadi 6 za mchanga uliochekechwa. Lipu ikishakauka kiasi, humwagiliwa maji kwa siku 7 ili isipasuke.

Ndipo zamu ya sakafu inapofika. Jamvi hukwanguliwa mabaki ya lipu, husafishwa, huloweshwa na kupakwa uji wa saruji ili tabaka jipya lishike. Kipimo ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 3 au 4 za mchanga. Kazi huanzia chumba cha ndani na kuishia mlango wa kutokea. Bafuni, sakafu huelekezwa kwenye tundu la maji machafu. Nayo hutunzwa kwa unyevu siku 7. Rangi huja mwisho, kuta zikishakauka.

Kwa mwananchi mwenye fedha kidogo, ni heri kukamilisha chumba kimoja, lipu kisha sakafu, kuliko kumwaga sakafu ya nyumba nzima. Aidha, inafaa fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikaguliwe kabla ya inayofuata kuanza.