Harusi Isiyofungwa: Hatima ya Wahusika wa Kike katika Splendor ya Anna Godbersen

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna riwaya ya Splendor (2009), iliyoandikwa na Anna Godbersen wa Marekani, inavyoufunga mfululizo wa vitabu vinne vilivyowalenga vijana. Vitabu vilivyotangulia ni The Luxe (2007), Rumors (2008) na Envy (2009). Majina hayo manne yakifasiriwa kwa Kiswahili huwa Anasa, Uvumi, Husuda na Fahari, na katika mfuatano huo msomaji makini anaweza kuiona njia nzima ya mfululizo hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kazi za aina hii huwekwa katika kapu la fasihi pendwa na kuachwa humo. Wahakiki wengi huzipita kwa hoja kwamba msuko wake hutabirika: mapenzi, vikwazo, ushindi, harusi. Hoja hiyo ina ukweli kwa kazi nyingi, lakini Splendor haiingii kwa urahisi katika utaratibu huo. Mhusika ambaye wasomaji walimsubiri aolewe kwa muda wa vitabu vinne haolewi. Anapanda meli na kwenda zake. Baadhi ya wasomaji waliupokea mwisho huo kwa kinyongo, wakidai kwamba mwandishi alikuwa amewadhulumu. Suala la kujadiliwa basi ni hili: je, mwisho huo ni kasoro ya msuko, au ndio ukweli ambao mfululizo mzima ulikuwa ukiuelekea?

Usuli wa Kihistoria

Matukio ya mfululizo huu yanaanza mwaka 1899 na kuendelea hadi 1900 jijini New York, hususan Manhattan. Wanahistoria wa Marekani hukiita kipindi hicho na miongo iliyokitangulia kwa jina lililotokana na riwaya ya Mark Twain na Charles Dudley Warner ya mwaka 1873, jina lenye maana ya enzi iliyopakwa dhahabu. Msisitizo uko katika neno 'kupakwa'. Juu palikuwa na mng'aro. Chini yake palikuwa na madini ya thamani ya chini.

Tabaka la mabwanyenye wa jiji hilo lilikuwa na mipaka yake. Bi. Caroline Astor ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango, akisaidiwa na Ward McAllister, bwana aliyejipa kazi ya kuamua nani ni mtu wa heshima na nani si mtu. McAllister ndiye aliyeeneza fikra kwamba watu wa maana katika New York walikuwa mia nne tu. Alipoichapisha orodha yake katika gazeti mwaka 1892, majina hayakufika hata idadi hiyo.

Katika mazingira hayo ndoa ilikuwa mkataba baina ya koo na akaunti za benki. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Consuelo Vanderbilt, aliyeozwa Mtawala wa Marlborough wa Uingereza mwezi Novemba 1895. Upande wa bwana ulileta cheo. Upande wa bibi ulileta hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5. Ndoa hiyo ilipobatilishwa mwaka 1926, mama mzazi wa Consuelo mwenyewe alitoa ushahidi kwamba alikuwa amemlazimisha bintiye. Mtu akiyajua hayo hawezi kudai kwamba Godbersen ametia chumvi anapomsawiri Bi. Holland akimsukuma binti yake mkubwa katika uchumba asioutaka ili kuokoa nyumba iliyofilisika. Historia yenyewe ilikuwa imetia chumvi ya kutosha.

Kutoka Mazishi hadi Safari

Mfululizo unafunguliwa kwa mazishi. Elizabeth Holland, msichana aliyekuwa kielelezo cha adabu, anaaminiwa kuwa amezama katika mto Hudson kabla ya kuolewa na Henry Schoonmaker, mwana wa tajiri mwenye tamaa ya kisiasa. Baadaye msomaji anagundua kwamba kifo hicho ni cha uongo. Elizabeth amemtorokea mpenzi wake Will, mwendesha gari la farasi la familia yao, aliyetangulia kwenda California. Huu ni mwanzo wenye taharuki kubwa, lakini pia una hoja ndani yake: katika jamii hii, msichana wa tabaka la juu hawezi kumchagua mume wake mpaka kwanza 'afe'.

Mbinu hii ya kufanya kuondoka kuwe aina ya kifo inarudiwa katika vitabu vinavyofuata. Will anauawa kwa risasi baada ya wawili hao kurejea New York, na Elizabeth anabaki na mimba ambayo jamii haiwezi kuikubali. Ili kuisitiri anaolewa na Snowden Cairns, mshirika wa zamani wa marehemu babake. Dada mdogo, Diana, ambaye amempenda Henry kwa siri, anashuhudia Henry akimwoa Penelope Hayes. Penelope ameipata ndoa hiyo kwa kutishia kuifichua aibu ya Diana. Mwishoni mwa kitabu cha tatu Diana anakata nywele zake na kuvaa mavazi ya kiume ili amfuate Henry jeshini. Msichana wa pili naye anaifuta sura yake ili aweze kuufuata moyo wake.

Splendor inamkuta Diana mjini Havana. Uteuzi wa mandhari haya haukuwa wa kubahatisha. Baada ya vita vya mwaka 1898 baina ya Marekani na Uhispania, Kuba ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani tangu Januari 1899, na ilibaki hivyo hadi Mei 1902. Diana anapoonja uhuru wake wa kwanza, anauonja katika nchi ambayo yenyewe haina uhuru. Kwa bahati mbaya riwaya hailizamii jambo hili. Wakuba wanabaki pambo la nyuma, sawa na muziki na joto la usiku. Hapa pana udhaifu ambao haufai kufichwa.

Hata hivyo, Havana inafanya kazi moja muhimu katika msuko. Mbali na vyumba vya Manhattan, Diana na Henry wanaweza kuwa watu wawili tu. Lakini mkono wa Bw. Schoonmaker, baba yake Henry, una urefu wa kuvuka bahari, na wapenzi hao wanajikuta New York tena. Kuanzia hapo msomaji anaanza kuona kwamba Henry wa Havana na Henry wa New York si mtu mmoja. Wa kwanza hana jina la kulinda. Wa pili ni mrithi.

Uamuzi wa Diana

Katika kilele cha riwaya Diana anaondoka kuelekea Paris bila Henry. Mwandishi angeweza kumwondoa Penelope na kuwafungisha harusi wawili hawa bila shida yoyote, kwani njia za kumwondoa zilikwisha kutayarishwa: Penelope mwenyewe ameanza kukitamani cheo cha mfalme baada ya mwana wa mfalme kutoka Ulaya kulizuru jiji. Kikwazo cha nje kilikuwa kinaporomoka. Ndiyo sababu uamuzi wa Diana una uzito. Anaondoka wakati ambapo kumpata Henry kunaelekea kuwezekana, na kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba amekimbia kushindwa. Anachokikataa ni nafasi ya kuwa Bi. Schoonmaker mpya katika nyumba ile ile, mbele ya macho yale yale.

Anayeifahamu fasihi ya Marekani atasikia hapa mwangwi wa The Age of Innocence ya Edith Wharton, riwaya ya mwaka 1920 iliyompa mwandishi wake tuzo ya Pulitzer mwaka 1921, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata kwa riwaya. Humo Newland Archer anampenda Ellen Olenska, binamu wa mkewe. Ellen anaondoka kwenda Ulaya. Na baada ya miaka 26 Archer anafika Paris, anaketi kwenye benchi chini ya dirisha la Ellen, kisha anarudi hotelini bila kupanda ngazi. Wharton alisimulia kisa hicho kutoka upande wa mwanamume aliyebaki. Godbersen anaigeuza kamera. Msomaji anakwenda na yule anayeondoka, naye Henry ndiye anayebaki nyuma na mali pamoja na jina la baba. Wharton mwenyewe, aliyezaliwa New York mwaka 1862 katika tabaka hilo hilo, aliishia kufanya makazi yake Ufaransa na kufia huko mwaka 1937. Paris katika fasihi hii basi ni zaidi ya mji wa mapenzi. Ni mahali ambapo mwanamke wa New York huenda ili aache kutazamwa.

Kutazamwa ndiko kunakotawala hata muundo wa mfululizo. Sura zimetanguliwa na nukuu za kubuni: vipande vya safu za umbeya za magazetini, barua, na mafunzo kutoka vitabu vya adabu za wanawake. Kabla mhusika hajasema neno, jamii imekwisha kumsemea. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatakuwa wageni wa sauti kama hiyo, kwani Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 pia unamfundisha binti mwenendo wa nyumbani na heshima kwa mume. Tofauti ni kubwa, na ni vyema isipuuzwe. Mwana Kupona ni mama mgonjwa anayemwachia mwanawe wosia kwa mapenzi, na imani ya dini ndiyo nguzo ya maneno yake. Vitabu vya adabu vya Manhattan havina mama wala imani. Vina wateja. Diana anaielewa biashara hiyo kuliko dadake, maana aliwahi kumuuzia mwandishi wa safu siri za tabaka lake mwenyewe ili familia ipate fedha.

Suala la Lina

Kufikia hapa Splendor inaweza kutetewa. Lakini pana mhusika mwingine ambaye utetezi huo haumfikii. Lina Broud alikuwa mtumishi wa chumbani wa Elizabeth. Alimpenda Will, akakosa, akafukuzwa kazi, akauza siri za nyumba ya akina Holland kwa Penelope, akajibadilisha jina na kuwa Carolina Broad, tajiri wa kubuni kutoka magharibi ya nchi. Bwana mzee asiye na mke, Carey Lewis Longhorn, alimlea katika anasa na kumwachia urithi. Katika kitabu cha mwisho Carolina ana fedha za kweli, nguo za kweli na mapenzi ya kweli kwa Leland Bouchard. Kisicho cha kweli ni asili yake tu, na hicho ndicho kinachomgharimu. Naye pia hapati ndoa aliyoitamani.

Wawili hawa, Diana na Lina, wanamaliza bila harusi. Mtu akiangalia harakaharaka atasema mwandishi amewatendea usawa, kumbe sivyo. Kwa Diana, kukosa harusi ni uamuzi na ni upeo wa ukuaji wake. Kwa Lina ni adhabu. Diana alivaa mavazi ya kiume na kuwadanganya watu, na riwaya ikauita ujasiri. Lina alivaa mavazi ya tabaka la juu na kuwadanganya watu, na riwaya ikauita udanganyifu. Elizabeth mwenyewe alidanganya jiji zima kwamba amekufa, na bado anabaki kuwa mhusika wa kuhurumiwa. Naye ana haki ya kuhurumiwa, hasa anapogundua kwamba Snowden, mume aliyemdhania mwokozi, ndiye aliyehusika na kifo cha babake na cha Will.

Inaweza kujibiwa kwamba Lina aliwasaliti wengine, na kwamba anavuna alichopanda. Jibu hilo halitoshi. Penelope alisaliti zaidi yake, tena kwa raha, lakini kosa la Penelope halikuwa kamwe kwamba alizaliwa mahali pasipomfaa. Mfululizo unaobeza orodha ya Ward McAllister kwa kurasa nyingi unairudisha orodha hiyo kimyakimya pale mtumishi anapokaribia kuingia.

Ulinganisho na Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi unaweza kuliangaza jambo hili. Katika riwaya hiyo ya Unguja, kasri na starehe zake zinatazamwa kutoka upande wa wanaolifagia, na Kijakazi, mtumishi wa Fuad, haruhusiwi kuwa kivuli tu. Utiifu wake unahojiwa, uchovu wake unahesabiwa, na mfumo unaomkamua unatajwa kwa jina lake hadi Mapinduzi ya 1964 yanapofika. Adam Shafi ana msimamo wa kitabaka ulio wazi, pengine wazi mno kwa ladha ya baadhi ya wasomaji. Godbersen ana msimamo pia, ila hajautangaza: anaamini kwamba mtu huweza kuliasi tabaka lake kwa heshima iwapo amezaliwa juu.

Hilo halikifanyi kitabu kuwa kibaya. Kurasa za Lina, ambazo huenda ziliandikwa kama kisa kidogo cha pembeni, ndizo zenye maumivu yasiyopambwa katika juzuu zote nne. Anajua bei ya kila kitu chumbani kwa sababu aliwahi kukifuta vumbi. Diana anaweza kuiacha New York kwa kuwa New York ilikuwa yake. Lina hana mji wa kuuacha, na jina analolikimbia ndilo pekee alilopewa na wazazi wake.