Somo la Mahindi: Mapatano ya Biashara na Chupa ya Chumvi

Wewe mkulima wa Kabondo, nawe mama unayeuza mahindi na karanga sokoni, somo hili ni lenu. Si somo la kupanda, kwa maana kupanda mnakujua. Ni somo la mambo yanayofuata baada ya kuvuna: namna mahindi yanavyopimwa, ni nani anayeweka kipimo hicho, na kwa nini neno lililoandikwa mbali linaingia mpaka ndani ya gunia lako. Lisome polepole. Asiyejua kusoma na asomewe na mtoto wake jioni.

I. MAPATANO YA BIASHARA NI NINI

Watu wawili wakitaka kuuziana mbuzi, kwanza hupatana. Nchi nazo hufanya vivyo hivyo, nazo hupatana juu ya mambo mawili. La kwanza ni ushuru, yaani fedha zinazolipwa mpakani. La pili ni kipimo, yaani chakula kiwe namna gani ndipo kiruhusiwe kupita. Watu wengi husikia habari ya ushuru tu, nao husahau kipimo. Lakini mara nyingi kipimo ndicho kinachofunga mlango, hata pale ambapo ushuru umekwisha kuondolewa.

Kongo yetu imeingia katika mapatano mengi. Tuyatazame mawili tu.

Tarehe 1 Januari 1997 nchi yetu iliingia katika Shirika la Biashara Duniani. Shirika hilo lina mapatano juu ya usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea, nayo yalianza kazi tarehe 1 Januari 1995. Neno lake kuu ni hili: kila nchi ina haki ya kukataa chakula chenye madhara, lakini lazima ionyeshe sababu ya kweli ya kitaalamu. Haifai kusema "chakula hiki ni kibaya" kwa ajili ya kuwapendelea wauzaji wake tu.

Tena, tarehe 8 Aprili 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi mjini Nairobi mapatano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili. Jumuiya hiyo ina kipimo kimoja cha mahindi. Maji yaliyo ndani ya punje yasizidi sehemu 13.5 katika 100. Na sumu ya ukungu, ambayo wengine huiita sumukuvu, isizidi sehemu 10 katika sehemu 1,000,000,000.

Hesabu hiyo ni ngumu kuiona, basi tuifanye kwa punje. Tukisema punje moja ina uzito wa gramu 0.3, punje 1,000,000,000 zitajaza magunia 3,000 ya kilo 100. Sasa fikiri kwamba sumu tupu yenye uzito wa punje 10 imetawanywa katika magunia hayo yote 3,000. Hapo ndipo mwisho wa kipimo. Ikizidi hapo, mahindi yanakataliwa. Ujue basi jinsi sumu hii ilivyo kali.

II. MAHINDI YALIYOKWAMA MPAKANI

Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa katika Jumuiya moja kabla yetu. Mkulima wa Uganda akiuza mahindi yake Kenya, hatozwi ushuru wa forodha. Hata hivyo, tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na ya Tanzania, ikisema yamepimwa na kuonekana yana sumu kupita kiasi. Malori yalikwama Busia na Namanga. Baada ya siku chache mlango ulifunguliwa tena, lakini kwa masharti: mwenye kuingiza mahindi aandikishwe, na kila mzigo uje na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haikuzidi 10.

Tazama vizuri jambo hili. Ushuru haukuwako. Ujirani ulikuwako, mapatano yalikuwako, barabara ilikuwako. Kipimo peke yake kilitosha kuwasimamisha. Mwenye mahindi makavu na mwenye mahindi mabichi walisimama pamoja katika foleni moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatenganisha bila cheti.

III. SUMU HII INATOKA WAPI

Ukungu ni kiumbe hai kidogo sana kisicho na jani wala ua. Mbegu zake hupeperuka hewani na kulala udongoni. Ukikuta punje yenye maji na joto, unaota. Aina moja ya ukungu huo, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, ndiyo inayotia sumu katika mahindi na karanga. Kisangani iko karibu na ikweta. Joto halikosi na mvua haiendi mbali. Kwa ukungu, hapa ni nyumbani.

Watu hawakuijua sumu hii mpaka mwaka 1960. Mwaka huo, katika Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula. Waganga wa mifugo walitafuta ugonjwa, wasiuone. Mwisho walichunguza chakula cha ndege hao, wakakuta kimetiwa mashudu ya karanga yaliyoletwa kwa meli kutoka Brazil. Mashudu hayo yalikuwa na ukungu. Biashara ilikuwa imevusha sumu bahari nzima, wala hapakuwa na kipimo cha kuizuia, kwa sababu hakuna aliyeijua.

Usidhani inaua ndege tu. Mwaka 2004 katika Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ghalani yakiwa hayajakauka. Sumu hii hushika ini. Akila nyingi kwa mara moja, mtu huugua upesi, macho hugeuka manjano, na pengine hufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kupata kansa ya ini. Na mtu mwenye homa ya ini ya aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi.

Tena shika neno hili: kupika hakuiondoi. Moto wa jikoni unaua ukungu, lakini sumu yenyewe inabaki. Kusaga nako hakuiondoi, kunaificha tu.

IV. KINACHOKATALIWA HUENDA WAPI

Labda utasema: "Mahindi yangu hayafiki Nairobi. Yanatoka shambani kwa baiskeli, yanaishia soko la Kisangani. Kipimo cha Jumuiya kinanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, nalo ndilo kiini cha somo hili.

Vipimo havilingani duniani. Kwa karanga, Umoja wa Ulaya unaruhusu sumu 4 tu kwa zile za kuliwa moja kwa moja. Halmashauri ya vipimo vya chakula iitwayo Codex, iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inaruhusu 15 kwa karanga zitakazotengenezwa tena kiwandani. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka 10 kwa mahindi. Basi mfanya biashara mwenye mali mbaya anafanya nini? Akikataliwa kwenye kipimo cha 4, anatafuta penye 10 au 15. Akikataliwa hapo, anatafuta mahali ambapo hakuna anayepima. Mali mbaya haitupwi. Inatafuta soko lisilo na kipimo.

Basi ujiulize: soko letu ni lipi? Kama hapa hakuna anayepima, sisi ndio tutakaokula kilichokataliwa na wengine. Na si mali ya kigeni tu. Mkulima anayechagua punje nzuri kwa mnunuzi na kubakiza mbaya kwa sufuria ya nyumbani, amemlinda mgeni na kumwacha mtoto wake. Kipimo ni cha mtoto wako kwanza, cha mnunuzi baadaye.

Haki ya kukataa mali mbaya ni yetu pia. Forodha na Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, iitwayo OCC, zina kazi ya kutazama mali inayoingia. Wakulima wakikaa katika chama, wanaweza kuuliza: mzigo huu umepimwa? cheti chake kiko wapi? Mtu mmoja akiuliza, huonekana mgomvi. Chama kikiuliza, hujibiwa.

V. KAZI YA NYUMBANI

Mashine ya kupima sumu mkulima hana. Lakini anaweza kuuzuia ukungu usiote, na kazi hiyo haihitaji mashine.

1. Vuna mahindi yakikomaa, usiyaache shambani yapigwe na mvua. Usilaze lundo la mahindi mabichi usiku kucha ndani ya nyumba. Lundo hutoa joto, na ukungu huamka.

2. Usianike juu ya udongo mtupu wala kandokando ya barabara. Udongo una mbegu za ukungu, na barabara ina vumbi, mafuta na mbuzi. Anika juu ya turubai, au bora juu ya kichanja cha miti kilichoinuka kutoka chini, ili hewa ipite. Karanga nazo zianikwe vivyo hivyo, katika maganda yake.

3. Mvua ikitishia, funika upesi. Jua likirudi, funua na kugeuza.

4. Chagua. Ondoa punje zenye ukungu, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zilizogeuka rangi. Sumu haienei sawasawa. Punje chache mbaya huweza kuharibu gunia zima. Kuchagua kwa mkono ni kazi ya kuchosha, lakini huondoa sumu nyingi.

5. Pima kwa chupa ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Kausha chumvi kwanza juu ya moto katika kikaango, kwa maana chumvi ya Kisangani hunywa maji ya hewa. Kisha iache ipoe. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa vizuri, uiache dakika 15. Chumvi ikishika kioo, maji yamezidi sehemu 15 katika 100: rudisha mahindi juani. Chumvi isiposhika, yamepungua chini ya 15. Lakini kipimo cha Jumuiya ni 13.5, kwa hiyo anika siku moja zaidi ya jua zuri, ndipo uweke ghalani.

6. Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Weka miti chini yake.

Utasema tena: "Mnunuzi ananipa bei ileile kwa makavu na kwa mabichi." Mara nyingi ni kweli, nami sitakudanganya. Lakini mahindi mabichi yanakulazimisha kuuza leo, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Mahindi makavu yanaweza kungoja. Tena wakulima kumi wenye mahindi makavu, wakikusanya magunia yao pamoja, wanaweza kumwonyesha mnunuzi chupa ya chumvi mbele ya macho yake na kupatana bei nyingine. Wazee walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

VI. WANYAMA NAO

Punje mbaya usiwape kuku, bata wala nguruwe. Bata wadogo hufa upesi kwa sumu hii. Kuku hupunguza mayai na kukonda. Ng'ombe akila chakula chenye ukungu, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na mtoto anaikunywa. Fukia punje hizo shimoni.

Mapatano ya biashara yamefika pia kwenye hali ya mnyama mwenyewe. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, liliweka mwaka 2005 kanuni za kusafirisha wanyama na kuwachinja bila kuwatesa. Na mapatano ya Umoja wa Ulaya na Chile ya mwaka 2002 yalitaja hali njema ya wanyama waziwazi. Maana yake, siku hizi mnunuzi aweza kuuliza si nyama tu, bali na namna mnyama alivyoletwa.

Hapa kwetu kuku hufungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli, na mbuzi hurundikwa katika mtumbwi bila kivuli wala maji. Mnyama huyo huumia. Na nyama iliyovilia damu huoza upesi, na mbuzi aliyekufa njiani hana bei. Tumia kapu lenye hewa kwa kuku. Mpe mbuzi maji kabla ya safari na kivuli njiani. Ni huruma, tena ni faida.

VII. MASWALI YA KUJIBU

Swali: Mapatano ya biashara huandika mambo gani mawili? Jibu: Ushuru na kipimo.

Swali: Mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa mwaka 2021 kwa sababu ya ushuru? Jibu: Hapana, kwa sababu ya sumu ya ukungu.

Swali: Je, kupika kunaondoa sumu? Jibu: Hapana.

Swali: Mali iliyokataliwa huenda wapi? Jibu: Huenda kwenye soko lisilo na kipimo.

Swali: Chumvi ikishika kioo, nifanye nini? Jibu: Nirudishe mahindi juani.

Swali: Kipimo ni cha nani kwanza? Jibu: Ni cha mtoto wangu kwanza.

Kabla ya kufunga gunia la mavuno haya, tafuta chupa moja kavu na kijiko cha chumvi, umwite na jirani yako aone.