Muscat kwa saa za wazee, Salalah kwa upepo wa kusi

Jamaa wengi wa Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam huenda Muscat kuwaona ndugu zao mwezi wa Julai au Agosti, kwa kuwa ndipo watoto wa huko wanapokuwa likizo. Kwa hali ya hewa, miezi hiyo ni ya taabu tupu. Mchana joto huweza kupita nyuzi 40, usiku mara nyingi haliteremki chini ya 30, na unyevu wa bahari huifanya nguo igande mwilini kabla hujafika kwenye gari. Lakini tiketi ikishakatwa imekatwa. Kinachobaki ni kujua kuishi na joto hilo, na wanaojua hasa ni wazee waliostaafu. Ukifikia kwa ami na mkewe, bibi wa nyumba, weka kando orodha yako ya mambo ya kuona, ufuate saa zao.

Wazee hao wana safari ndefu nyuma yao. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman zilitawanyika. Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, wakarudi walimu, makarani, wauguzi na wahandisi, wengine Kiswahili kikiwa chepesi midomoni mwao kuliko Kiarabu. Waliorudi vijana leo wanakula pensheni. Kwa hiyo usishtuke ukiwa kwenye foleni ya duka la dawa ukasikia bibi aliyejitanda buibui akimwambia mwenziwe asogee kidogo. Mwamkie. Utaitikiwa marahaba, utaulizwa wewe ni wa nani, na huenda ukaondoka na mwaliko wa chakula cha mchana.

Siku huanza mapema kuliko ulivyozoea. Mwezi wa Juni adhana ya alfajiri husikika karibu na saa kumi usiku, na jua huchomoza saa kumi na moja na dakika chache. Kati ya sala na jua kuwa kali una muda wa saa mbili hivi, na ndio muda wa kutembea. Wakaao upande wa mjini huenda barabara ya ufukweni ya Muttrah, penye njia ya waendao kwa miguu, bandari upande mmoja na milima myeusi upande wa pili. Wa Qurum hushuka pwani kwao. Ami huenda kwa kanzu na viatu vya mazoezi, na wala hachekwi. Wewe uliyebaki kitandani hadi saa tatu umeshaikosa siku.

Matembezi ya Muttrah yana faida nyingine: soko la samaki liko pale pale. Jengo jipya, lenye paa la kupindapinda, lilifunguliwa mwaka 2017. Nenda mapema, chagua samaki wako, kisha mpelekee mkataji akusafishie na kukukatia vipande kwa malipo madogo. Jodari na changu utawakuta. Nguru ana msimu wake: kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba kumvua ni marufuku, kwa hiyo bibi akikwambia nguru hapatikani, amini. Papa mkavu naye yupo, na mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa apikweje.

Wiki ya kazi ni Jumapili hadi Alkhamisi. Shughuli za benki, ofisi na hospitali wazee huzifanya asubuhi mapema kuanzia Jumapili, na mgeni mwenye jambo la viza au la kubadili fedha afanye hivyo hivyo. Rial moja ina baisa 1,000, na thamani yake hupita dola mbili na nusu za Marekani. Noti ya rial moja unayoitoa ovyo kumlipa dereva siyo chenji.

Na dereva utamhitaji. Muscat si mji wa kuzunguka kwa miguu. Umetandazwa baina ya milima na bahari, na kutoka Muttrah hadi Seeb ni karibu kilomita 50. Mabasi ya Mwasalat yana viyoyozi na nauli yake ni nafuu. Kasoro iko kituoni, kwa kuwa kusubiri basi mwezi wa Julai ni mtihani, na kutoka kituoni hadi nyumbani kuna jua. Teksi za rangi ya chungwa na nyeupe zipo, na programu za simu za kuitia gari zimepunguza ubishi wa bei. Ukiwa na leseni inayokubalika, kodi gari. Usimtegemee ami akuendeshe kila siku. Yeye hatakataa, na hapo ndipo uungwana wako utakapopimwa.

Kuanzia saa tano asubuhi ingia ndani. Serikali yenyewe hukataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, tangu Juni mpaka mwisho wa Agosti, na amri hiyo ni kwa vibarua wenye misuli. Mgeni anayetaka kupiga picha ngome za Jalali na Mirani saa saba mchana atasikia maneno ya bibi: "Mwanangu, jua hilo halishindani na mtu. Rudi ndani ule." Watu hula na kulala, na huo usingizi wa mchana usiuone uvivu, kwani ndio utakaokuwezesha kuwa macho saa nne usiku, mji unapochangamka.

Asubuhi mbili katika wiki zitoe kwa mambo ya ndani ya majengo. Moja ni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wasiokuwa Waislamu huruhusiwa kuingia kutembea saa mbili hadi saa tano asubuhi, kila siku isipokuwa Ijumaa. Wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Zulia la ukumbi mkubwa ni moja, takriban mita 70 kwa 60, na mzee mwenye magoti mabovu atafurahi kuona sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Ya pili ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri ya Al Alam. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya historia ya bahari. Kwa msomaji wa pwani yetu ndiyo yenye uhondo. Mapanga na bunduki utayaona kwenye kila ngome.

Jioni ndiyo uhai. Soko la Muttrah hufungwa mchana na kufunguliwa tena saa kumi, lakini kabla ya magharibi usiende, hewa ya vichochoroni ni nzito. Baada ya sala, bibi atakuongoza penye vitambaa, naye ami atakaa nje, kwenye viti vya ufukweni, akisubiri. Bei husemwa kwa utulivu, punguzo huombwa mara moja au mbili, basi. Nyumbani nako wageni huanza kuingia baada ya isha. Halua hutangulia, kahawa hufuata kwenye vifinjani, na finjani hupokewa kwa mkono wa kulia. Ukitosheka, itikise kidogo unapoirudisha. Usipoitikisa utaendelea kumiminiwa, na kahawa ile ya iliki si ya kuchezea mtu anayetaka kulala.

Ijumaa asubuhi mji hulala. Maduka mengi hayafunguliwi, na huna pa kwenda ila msikitini na mezani. Wana na wajukuu hukusanyika baada ya sala ya Ijumaa; chakula kinaweza kuwa biriani, lakini katika nyumba zilizotoka Unguja pembeni patakuwa na samaki wa nazi na mikate ya kumimina. Usipange safari siku hiyo. Mazungumzo ya baada ya chakula ndiko mipango ya kiangazi inakopangwa, na mpango wenyewe kwa kawaida ni mmoja: Salalah.

Kusi linalovuma kwetu katikati ya mwaka, lile lililokuwa likirudisha majahazi Arabuni, huvuka bahari na kuugonga mlima wa Dhofar kusini mwa Oman, uliko mji wa Salalah. Maji ya pwani hiyo hupoa, hewa yenye unyevu hupanda mlimani, na kinachotokea ni ukungu na manyunyu ya miezi mitatu. Msimu huu wa kharif huhesabiwa rasmi tangu 21 Juni hadi 21 Septemba. Muscat ikiwa kwenye nyuzi 42, Salalah iko kwenye 25 hivi, na milima iliyokuwa ya kahawia imegeuka kijani.

Kosa la wengi ni kwenda mapema mno. Mwisho wa Juni ukungu umeshaanza ila majani hayajaota. Kuanzia katikati ya Julai ni kijani kweli, lakini familia kutoka Ghuba nzima huwa zimefika, kodi za nyumba zimepanda, na barabara ya Jabal Ittin imejaa magari jioni. Mstaafu ana kitu ambacho wenye watoto hawana: hafungwi na kalenda ya shule. Kama safari ni ya ami, bibi na wewe, ngojeni shule zikaribie kufunguliwa, mwisho wa Agosti au wiki ya kwanza ya Septemba. Kijani bado kipo, vyumba vinapatikana. Mkiwa na watoto, wekeni nafasi ya nyumba miezi kadhaa mbele, na muulize kama kuna lifti. Ghorofa ya tatu bila lifti imeharibu safari nyingi za wazee.

Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi. Kwa gari ni karibu kilomita 1,000 kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa ni jangwa bapa lisilo na cha kutazama. Vijana huimaliza kwa siku moja. Kwa wazee nasema hapana: laleni Haima, katikati ya njia. Kagueni matairi kabla ya kuondoka, jazeni mafuta kila mnapofika kituo cha maana, bebeni maji zaidi ya mnayodhani yatatosha, na kila saa mbili mzee ashuke anyooshe miguu. Insulini ikae kwenye boksi la barafu, isiachwe kamwe ndani ya gari lililozimwa. Usiku msiendeshe, ngamia hawana taa. Baada ya Thumrait mtateremka mlima ndani ya ukungu mzito, lami imelowa, na hapo mwendo ni wa pole hata kama nyuma wanapiga honi. Ukiniuliza mimi, wazee wapande ndege, na gari mlikodi huko huko.

Siku nne zinatosha. Upande wa mashariki kuna chemchemi ya Ayn Razat na bonde la Wadi Darbat, ambalo maporomoko yake huonekana mvua ikiwa nyingi. Upande huo huo kuna Taqah na Mirbat. Upande wa magharibi, kama kilomita 40, ni Mughsail, bahari inapofyatua maji juu kupitia matundu ya mwamba. Ndipo mahali pazuri kuliko pote msimu huu, mawimbi yakiwa makali. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kuogelea, popote katika pwani hiyo, mpaka kusi liishe. Chukueni sweta, koti la mvua na viatu visivyoteleza. Njiani mtaona vibanda vya madafu, mapapai na ndizi, na wageni wa Riyadh na Kuwait wakipiga picha chini ya minazi. Mtu wa Pemba ajizuie kucheka. Madafu ni matamu, ingawa bei itamkumbusha kwamba hayuko Wete.

Kama Salalah ni mbali kwa afya ya mzee, kuna mlima wa Jabal Akhdar, saa mbili na kitu kutoka Muscat. Uwanda wa Saiq uko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na mwisho wa Agosti makomamanga huanza kuiva. Gari lazima liwe la kuendeshwa na magurudumu yote manne. Polisi hulikagua kwenye kizuizi cha Birkat al Mawz na kulirudisha lisilofaa. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari wake kwanza.

Zawadi ya Salalah ni ubani. Ulio bora huitwa hojari, mweupe unaoelekea kijani, na bei yake hutofautiana sana duka kwa duka. Mwombe muuzaji achome chembe moja mbele yako kabla hujalipa. Nunua pakiti ndogo, na kilo za mzigo zihesabu mapema: siku ya kuondoka bibi atakuwa na furushi la kukubebesha kwa dada yake wa Mkunazini, na hilo halikataliwi.