Kitufe Chekundu na Umeme Uliobaki

Katika viwanda vingi vya leo mota za pampu, vinu na misumeno huendeshwa kwa inveta. Chombo hiki hupokea umeme wa mkondo geu wa fezi tatu, huugeuza kwa dayodi kuwa mkondo mnyoofu, huuweka kwa kitambo katika kapasita, kisha huukatakata kwa transista hata utoke tena ukiwa mkondo geu wa marudio yanayotakiwa. Marudio yakipunguzwa, mota nayo hupunguza mwendo.

Karibu na mashine huwekwa kitufe chekundu chenye umbo la uyoga, kibonyezwe wakati wa hatari. Katika mitambo mingine umeme wa mota hukatwa papo hapo, nayo huachwa izunguke mpaka ichoke. Katika mingine inveta huifunga mota breki kwanza, ndipo umeme ukatwe. Kwa msumeno mzito njia hii ya pili ni bora, kwa kuwa gurudumu lililoachwa huru huendelea kukata kwa muda mrefu.

Mota ikisimama, mtu hudhani hatari imekwisha. Sivyo. Umeme wa volti 400 ukisha kupita katika dayodi huzijaza kapasita kufikia karibu volti 565. Tuchukue kapasita za jumla ya maikrofaradi 3,000. Kwa kanuni ya nusu ya C mara V mraba, tunapata jouli 480 hivi, yaani nishati ya kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 karibu mita moja. Nishati hiyo yaweza kumpitia fundi katika kufumba na kufumbua.

Ndiyo sababu huwekwa rezista ya kuzimua kapasita. Ikiwa ni ya omu 20,000, R mara C ni sekunde 60, na volteji itashuka mpaka 50 baada ya karibu dakika mbili na nusu. Fundi husubiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kisha hupima kwa mita, maana rezista hiyo nayo huweza kukatika bila ishara yoyote. Mita yenyewe hujaribiwa kwanza mahali penye umeme unaojulikana.

Kuwasha upya kuna masharti yake. Kukirudisha kitufe mahali pake kusiiamshe mashine. Lazima mtu atoe amri nyingine kwa makusudi, baada ya kuhakikisha hakuna mwenzake ndani ya mashine na kwamba mota imetulia.

Kapasita tupu, kwa nukta ya kwanza, ni kama waya mtupu. Kwa hiyo mkondo hupitishwa kwanza katika rezista nyingine, ya omu 50 kwa mfano, ili usizidi ampea 11 hivi. Wanafunzi wakumbuke kuwa katika kujaza kapasita namna hii, rezista hupoteza joto karibu sawa na nishati inayohifadhiwa. Mwenye kuzima na kuwasha mara kwa mara huiunguza.

Darasani jambo hili huonekana bila hatari. Chukua betri ya volti 9, kapasita ya maikrofaradi 4,700 ya volti 16, na rezista ya omu 10,000. Unganisha chanya kwa chanya, jaza kapasita, ondoa betri, kisha izimue kupitia rezista huku wanafunzi wakisoma voltimita kila sekunde 10. Baada ya sekunde 47 itaonyesha karibu volti 3.3.