Mjue Mwizi wa Bustani Yako

Umelima bustani ya mchicha, bamia na nyanya karibu na nyumba yako. Kiangazi chote umeteka maji na kumwagilia. Sasa nyanya zinaiva. Asubuhi moja unakwenda kuchuma, unakuta nusu zimeliwa. Hizo zilikuwa mboga ya watoto na fedha ya madaftari. Utafanya nini?

Watu wengi hukimbilia kujenga ua. Wengine hutafuta sumu. Ngoja kwanza. Jiulize: ni nani aliyekula? Hapa Ifakara, na katika bonde lote la Kilombero, wezi wa mboga ni wengi. Kila mmoja ana njia yake ya kumzuia.

Tazama chini. Nyanya zikiwa zimeumwa mara moja na kutupwa, huenda ni tumbili. Yeye huja mchana pamoja na kundi lake. Usiku hulala juu ya miti. Udongo ukiwa umefukuliwa na viazi vimeliwa, huyo ni nguruwe mwitu, naye hupenda kuja usiku. Ukiona nyayo za kwato ndogo na kinyesi cha vidonge vyeusi, mtazame mbuzi wa jirani. Mara nyingi nimesikia tumbili akilaumiwa kwa kosa la mbuzi.

Tumbili ni mwerevu. Ukisimamisha sanamu ya mtu bustanini, ataiogopa siku chache tu. Baadaye atakaa juu ya kichwa chake. Kwa hiyo ihamishe sanamu kila siku, na uibadilishe nguo. Panda mboga karibu na mlango, mbali na matawi ya miembe. Mbwa anayebweka husaidia sana. Nyanya zikianza kubadilika rangi, zichume uziivishe ndani. Miche ifunike kwa chandarua kilichochakaa. Chandarua kizima ni cha kulalia. Mbu wa Kilombero unawajua mwenyewe.

Kwa nguruwe, jenga ua wa miti iliyobanana, na miti hiyo uichimbie chini sana.

Usitumie sumu. Sumu haichagui. Itaua kuku na mbwa wako. Inaweza pia kumwua mtoto aliyechuma nyanya moja tu.

Tembo na kiboko ni jambo jingine. Usiwafukuze peke yako. Kiboko hutoka mtoni usiku kutafuta majani. Usisimame kati yake na maji. Huko Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kando ya mashamba. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika. Nyuki hutoka, naye hukimbia. Wakulima hupata na asali. Lakini mizinga mitupu haimzuii tembo, kwa hiyo kazi hii yataka kikundi cha kuitunza.

Wanyama hao wakiharibu mazao yako, mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, kabla mvua haijafuta nyayo. Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho. Usipotoa taarifa, huwezi kuyapata.

Kazi ya darasa: Kesho asubuhi, kabla ya kumwagilia, zunguka bustani yako polepole. Andika katika daftari ulichokiona: nyayo, kinyesi, tunda lililoumwa. Njoo nalo darasani tulisome pamoja.