SOMO LA WIKI: Kodi ya mafuta hubadili gari kabla ya kumbadili dereva

Wafanyabiashara wengi huiona kodi ya mafuta kuwa njia ya Serikali kujaza hazina tu. Hata hivyo, zipo nchi zilizoipa kazi ya pili: kupunguza matumizi ya magari na moshi wake. Somo la wiki hii linaangalia jaribio la Uingereza lililoanza mwaka 1993, kwa kuwa lina mafunzo kwa mwenye lori, mwenye kituo cha mafuta na mwenye hisa za kampuni ya usafirishaji.

MSINGI WA HOJA

Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alieleza mwaka 1920 kwamba shughuli inayomtia hasara mtu asiyehusika nayo inafaa itozwe kodi inayolingana na hasara hiyo. Mwenye gari hulipia mafuta, lakini halipii moshi anaouvuta jirani yake wala muda wanaopoteza wenzake katika msongamano. Kodi huingiza gharama hizo katika bei ya lita.

JARIBIO LENYEWE

Machi 1993, Waziri wa Fedha Norman Lamont alitangaza kuwa ushuru wa mafuta ya magari ungepanda kila mwaka kwa asilimia 3 zaidi ya mfumuko wa bei. Novemba mwaka huo Kenneth Clarke aliifanya asilimia 5, na mwaka 1997 Gordon Brown akaifikisha asilimia 6. Sababu zilikuwa mbili: ahadi ya kurudisha hewa ya kaboni kwenye kiwango cha 1990 ifikapo mwaka 2000, na pengo kubwa la bajeti. Ushuru wa lita ya petroli isiyo na madini ya risasi ulitoka takriban peni 23 mwaka 1993 hadi karibu peni 49 mwaka 2000.

HESABU YAKE

Wachumi Goodwin, Dargay na Hanly walikusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2004. Bei halisi ikipanda kwa asilimia 10 na kubaki hapo, mafuta yanayotumika hupungua kwa kiasi cha asilimia 2.5 katika mwaka wa kwanza, na asilimia 6 baada ya miaka kadhaa. Magari barabarani hupungua kwa asilimia 1, kisha 3 tu.

Tuseme mwenye gari hununua lita 100 kwa Sh. 1,000 kila moja, yaani Sh. 100,000. Bei ikifika Sh. 1,100, mwaka wa kwanza atanunua lita 97.5 na kulipa Sh. 107,250. Baadaye atanunua lita 94 na kulipa Sh. 103,400. Mafuta yamepungua, lakini fedha zinazomtoka zimeongezeka. Aidha, sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kununua gari linalokula mafuta kidogo kuliko kuacha kuendesha. Asiye na basi wala treni karibu naye hana la kufanya ila kulipa.

ULIPOKWAMA

Novemba 1999, Brown alitangaza mwisho wa nyongeza hiyo ya lazima. Lakini mafuta ghafi, yaliyokuwa kama dola 10 kwa pipa mwanzoni mwa 1999, yalipita dola 30 kufikia Septemba 2000. Bei ya lita ilikaribia peni 80, na takriban robo tatu yake ilikuwa kodi. Wakulima na wenye malori walizuia viwanda na maghala ya mafuta, wakianzia Stanlow, na katika muda usiozidi wiki moja vituo vingi vilikauka. Machi 2011 ushuru ulishushwa hadi peni 57.95, ukakaa hapo miaka 11, kisha ukapunguzwa kwa peni 5 mwaka 2022. Kwa kuwa bei nyingine zilikuwa zikipanda, kuusimamisha kulikuwa sawa na kuupunguza kila mwaka.

MAFUNZO KWA MFANYABIASHARA

Kwanza, kodi iliyotangazwa mapema humpa mwenye malori nafasi ya kupanga. Anayetarajia kubadili gari afanye hesabu ya lita kwa kilometa katika maisha yote ya gari, badala ya kutazama bei ya dukani pekee.

Pili, mwenye kituo asitegemee mauzo kuanguka ghafla. Hupungua polepole, kwa miaka, kadiri magari mapya yanavyoingia.

Tatu, mwekezaji aangalie fedha za kodi zinakwenda wapi. Tanzania, kwa mfano, hutoza kila lita kwa ajili ya Mfuko wa Barabara, ulioundwa mwaka 1998. Tozo ya namna hiyo huhitaji lita nyingi ziuzwe ili barabara zitengenezwe. Kodi ya kupunguza moshi hufanikiwa pale lita zinapopungua. Serikali inayotaka yote mawili kwa tozo moja italazimika siku moja kuchagua, na wenye mitaji katika usafirishaji ndio watakaolipia uchaguzi huo kwanza.