Tovuti ya Kliniki ya Macho na Maswali ya Mgonjwa Kabla ya Safari

Mama anampiga picha mwanawe wa miaka miwili kwa simu, na katika picha hiyo jicho moja linaonekana kuwa na weupe ndani ya mboni, kama jicho la paka linapomulikwa usiku. Dalili hiyo yaweza kuwa ya mtoto wa jicho aliyezaliwa nao; yaweza pia kuwa ya retinoblastoma, saratani ya retina ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya umri wa miaka 5. Ikiwahiwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikiachwa, hupita katika neva ya jicho na kuelekea kwenye ubongo. Wiki zinazopita kati ya picha ile na siku ya uchunguzi ndizo zinazoweza kuamua kama mtoto ataishi.

Mama huyo anaandika katika simu yake: “jicho la mtoto lina weupe ndani”. Tuseme kliniki ya macho iko katika makao makuu ya mkoa wake na ina tovuti yake. Hata hivyo, haitokei. Kurasa zake zote zimeandikwa kwa Kiingereza, ugonjwa umetajwa kwa istilahi ya vitabuni, na ratiba ya kliniki ya watoto imebandikwa kama picha ya bango. Mitambo ya utafutaji hutegemea kwa sehemu kubwa maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa, na maneno yaliyomo ndani ya picha mara nyingi huyapita. Kliniki ipo, daktari yupo, lakini maneno ya mama na maneno ya kliniki hayakukutana.

Wasimamizi wanapotaka tovuti ilete wagonjwa, mara nyingi huanza na rangi, picha za jengo na maelezo ya dira na dhamira. Ni vigumu kumpata mgonjwa aliyepanda basi kwa sababu ya dhamira. Anachotaka kujua ni kama tatizo lake linatibiwa hapo, siku gani, kwa gharama gani, na aje na nini. Tovuti inayojibu hayo humvuta mtu kwa haki, kwa kuwa inamwokolea nauli na siku ya kazi.

Kazi ya kwanza, basi, ni ya lugha. Mhudumu wa mapokezi anayajua maneno ya wagonjwa kuliko mtaalamu: “macho yanawasha”, “naona ukungu”, “mtoto ana makengeza”, “presha ya macho”. Kwa mwezi mmoja mhudumu huyo aandike katika daftari namna wagonjwa wanavyoyaeleza matatizo yao, bila kuyasahihisha. Kisha kila tatizo lipewe ukurasa wake mfupi, ambao kichwa chake kinatumia maneno hayo na jina la kitaalamu linafuata ndani ya maelezo. Ukurasa wa weupe wa mboni useme wazi kuwa mtoto aletwe upesi bila kusubiri maumivu, kwa sababu uvimbe huo mara nyingi hauumi mwanzoni.

Gharama hufichwa kwa kuhofia washindani au kwa sababu hubadilika. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ukimya humfanya mgonjwa akadirie mwenyewe, na akadiriapo hukadiria juu. Inatosha kutaja ada ya kumwona daktari, kusema ni vipimo gani hulipiwa kando, na kuonyesha bima zinazopokelewa pamoja na tarehe ambayo taarifa hiyo ilihakikiwa. Sera ya afya ya Tanzania inawasamehe watoto walio chini ya miaka 5 gharama za matibabu katika vituo vya umma. Kituo cha umma kisicholieleza hilo kwenye tovuti yake kinawaacha nyumbani baadhi ya wale waliokusudiwa.

Maelezo ya maandalizi nayo hupuuzwa mno. Anayechunguzwa retina hutiwa dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa baadaye mwanga humuumiza na maandishi ya karibu humpotea. Dereva wa bodaboda ambaye hakuelezwa hilo mapema ataikataa dawa na kurudi bila uchunguzi kamili, au, jambo lililo baya zaidi, ataondoka akiendesha. Sentensi mbili zingetosha: usije ukiendesha chombo, na njoo na mtu wa kukusindikiza. Ziongezwe nyingine za kumkumbusha aje na miwani yake, dawa zote za macho anazotumia, barua ya rufaa na kadi ya bima.

Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza yakae maelezo ya dharura. Aliyemwagikiwa jikoni au kazini na dawa ya kufulia, chokaa au tindikali asianze na safari. Aoshe jicho papo hapo kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha ndipo aende kituo cha karibu. Hapa hakuna nafasi ya picha inayochukua dakika nzima kufunguka na kumaliza kifurushi. Aidha, wasomaji wa tovuti ya macho ni watu wenye uoni hafifu kuliko wasomaji wengine. Herufi ndogo za kijivu juu ya nyeupe, zinazopendwa na wasanifu, ni kejeli kwao. Herufi ziwe kubwa na nyeusi, na namba ya simu iandikwe kwa namna ambayo ukiigusa inapiga.

Picha za wagonjwa zinahitaji tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya mtoto kabla na baada ya upasuaji huvutia watazamaji, lakini mtoto huyo atakua, na ridhaa iliyoombwa kwa mzazi aliye katika hali ya shukrani au hofu si ridhaa huru sana. Michoro inatosha. Fomu ya kuomba miadi nayo iulize jina, simu na tatizo kwa kifupi. Historia ya ugonjwa isubiri chumba cha daktari. Kwa upande wake, mgonjwa asitarajie kuambiwa ugonjwa kwa kutuma picha ya jicho, na kabla ya kufunga safari apige simu kuhakikisha siku ya kliniki haijabadilika.

Kuijaribu tovuti hakuhitaji fundi. Wagonjwa watano walioko kwenye benchi la kusubiri, wakiridhia, wapewe simu ya bei nafuu, na kila mmoja aombwe kutafuta siku ya kliniki ya watoto. Anayesimamia akae kimya, asielekeze, aandike tu mahali ambapo kidole kinasita. Mahali hapo ndipo parekebishwe kwanza. Baada ya marekebisho jaribio lirudiwe kwa watu wengine, kwa kuwa wale wa mwanzo wameshaijua njia.